Mistari Minne ya Chiriku

Dada yangu ameimba miaka kumi na tisa na hakuna anayemjua. Msimwonee huruma, kazi aliichagua mwenyewe. Mtunzi akimaliza wimbo, dada anauimba kwanza. Nyota anaichukua rekodi hiyo, anaisikiliza mpaka aushike wimbo, kisha anakuja studio kuuimba kwa mbwembwe zake zote. Sauti ya dada inafutwa. Wanamuziki wanamwita Chiriku. Mimi ni mdogo wake, mwimbaji wa kuitikia, na wanasema mdomo wangu hauna breki.

Safari hii mambo yalikwenda kinyume. Mwongozaji wa filamu, akimsubiri nyota, alipewa rekodi ya Chiriku ili apangie picha zake. Akashinda nayo wiki sita. Nyota alipokuja kuimba, na aliimba vizuri, sitamsingizia, mwongozaji akatikisa kichwa. Sikio lilishazoea. "Namtaka huyu wa kwanza," akasema. Basi Chiriku akabaki. Siku ile dada alilia jikoni, amegeukia sinki, bomba limefunguliwa ili tusimsikie. Nilimwacha alie.

Mwezi uleule akapasuliwa uvimbe wa shingo. Uvimbe ukatoka, na sauti ikaenda nao. Alibaki na mnong'ono. Pale kitandani alinishika mkono, akaniambia, "Ile ya kwenye filamu ndiyo iliyobaki. Usikubali mtu aichezee." Nikaapa.

Hata wiki haikupita, mwongozaji akarefusha tukio la mwisho. Akataka mistari minne zaidi, sauti ileile.

"Ipatikane, la sivyo tunamrudia nyota," mtayarishaji wa muziki akaniambia. "Na nyinyi ndugu sauti zenu hazipishani sana."

Ikawa kusuka au kunyoa. Nikikataa, dada anatolewa kabisa. Nikikubali, nimekula kiapo cha uongo kwa mgonjwa. Nikaimba. Nilimwiga mpaka ule mkwaruzo wake mwisho wa neno. Fundi mitambo akaunganisha, na alipojaribu kutafuta kiungo, akakikosa.

Dada alipopata nafuu, akaitwa studio asikilize. Nilikaa kando yake nikiwa nimebana mikono mapajani. Wimbo ukaenda. Ulipofika ile mistari minne akafumba macho, akayafumbua ulipokwisha.

"Umevuta pumzi katikati ya mstari wa pili," akaninong'oneza. "Mimi hapo sivuti."

"Dada, nisamehe. Wangekutoa kabisa."

"Najua." Akajishika shingo. "Watu wakiniuliza kama ni mimi, nijibu nini? Ni mimi mpaka hapa, halafu mdogo wangu? Uimbe wewe, wimbo wote."

"Sitaki. Huna nyingine."

"Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Ingia."

Mtayarishaji akasema ilimradi sauti ni ileile, yeye hana neno. Nikaingia chumba cha kurekodia huku nimefura. Nilimkasirikia dada, nikajikasirikia mwenyewe, nikamkasirikia mwongozaji na filamu yake isiyotaka kwisha. Dada alisimama ng'ambo ya kioo, akawa ananionyesha kwa kiganja pa kuvuta pumzi, mstari kwa mstari. Nikikosea ananirudisha mwanzo bila hata kukunja uso. Niliimba mara saba. Ya saba, akashusha mkono, akaitikia kwa kichwa.

Fundi akauliza ile rekodi ya kwanza, ya dada, aitunze wapi. Nikafungua mdomo nimwambie aiweke, aniwekee mimi, lakini dada aliwahi. Alimwinamia sikioni, na kupitia kioo nikaona midomo yake ikisema: futa.

Fundi akafuta. Mpaka leo sijamsamehe kwa kutii haraka vile.