Alama Sitini na Moja

Zipporah hakuweza kamwe kukaa na jambo lililoning'inia. Akisubiri simu, alifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Akisubiri basi, alitembea hadi kituo cha mbele, likampita njiani. Alizaliwa Molo, na kwa miaka mingi sasa alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao ng'ambo, mjini Thamesmead. Mmoja wao alikuwa Eddie, Mwingereza aliyewahi kuwa saisi, yaani mtunza farasi wa mbio, hadi farasi mmoja alipomwangukia na kumvunja nyonga. Sasa alikuwa mtu wa kiti cha magurudumu, na macho yake yalikuwa yamefifia.

Asubuhi moja, Zipporah akimfunga vifungo vya shati, Eddie alimwomba amtafutie kwenye simu alama za farasi mmoja jike.

"Mimi sibeti, Bwana Eddie. Kanisani kwetu ni dhambi."

"Hata mimi sibeti. Farasi huyo anatunzwa na binti yangu, Emma."

Ndipo akamweleza. Emma alipotaka kwenda kufanya kazi ya farasi, baba yake aliogopa asije naye akavunjika. Hofu ikatoka kama hasira: akamwambia akitoka asirudi. Emma akatoka. Tangu hapo, habari pekee alizopata Eddie ni za farasi aliowatunza bintiye.

Zipporah akasoma: sitini na nne. "Ni nzuri?"

"Inategemea anakimbia na nani," Eddie akasema. "Alama moja ni ratili moja ya uzito. Mwenye sabini akikutana na wetu, atabeba ratili sita zaidi mgongoni. Wanampima mpanda farasi na tandiko lake, na wakipungukiwa wanaongeza vipande vya madini ya risasi. Nia ni wote wafike mwisho wakiwa sawa."

"Na akishinda?"

"Anaongezewa mzigo."

"Akishindwa?"

"Anapunguziwa. Polepole."

Jambo hilo halikumkalia Zipporah vizuri. Alibishana nalo moyoni akiosha vyombo, akalibeba hadi kwa mzee mwingine. Kesho yake alitazama mbio moja kwenye simu na kumchagua mwenye alama kubwa kuliko wote, kwa kujaribu tu. Farasi huyo akafika wa saba. Eddie alicheka hadi akakohoa.

"Alama kubwa inakwambia nani ana nguvu, na ndiyo sababu kabebeshwa. Wewe angalia alishinda mara ya mwisho akiwa na ngapi."

Farasi wa Emma alishinda akiwa na sitini na moja. Wakampandisha hadi sitini na saba, na tangu siku hiyo alikuwa akifika wa tano, wa nane, wa sita, nao wakimshusha kidogo kidogo hadi sitini na nne.

Sasa Zipporah hakuwa na raha. Alama mpya hutoka Jumanne, na kila Jumanne alikuwa akitazama simu kabla hajavua koti. Makena, mwenzake wa kwaya, alimchungulia ndani ya basi na kuona picha za farasi.

"Zipporah, umeanza kamari?"

"Sijaweka hata senti."

"Basi mbona mguu wako unatetemeka hivyo?"

 Zipporah aliuzuia mguu kwa mkono.

Jumanne moja alama ikasoma sitini na moja. Farasi angekimbia kwenye uwanja wa Kempton wiki hiyo hiyo, mchana, siku ambayo Zipporah hakuwa kazini.

"Tutaenda," akamwambia Eddie.

"Hatataka kuniona."

"Hilo atalisema yeye. Vaa sweta."

Treni ilikuwa na utaratibu wake. Zipporah ndiye asiyekuwa nao. Alisimama, akaketi, akakagua breki za kiti, akauliza mara tatu kama ndicho kituo. Walipofika uwanjani, farasi walikuwa tayari wakizungushwa mbele ya watazamaji, na mwanamke mwembamba alikuwa akimwongoza yule jike kwa kamba. Alimwona baba yake, akapita. Mzunguko wa pili akapunguza mwendo.

"Umekuja," Emma akasema.

"Wamemshusha," Eddie akajibu. "Sitini na moja."

"Najua. Lakini mguu wa kushoto bado ni mzito kwenye kona."

"Mwambie mpandaji asimbane upande wa ndani."

"Nimemwambia."

Zipporah alikuwa akikanyagakanyaga, akitamani waseme lile walilopaswa kusema. Hawakulisema. Emma akaondoka na farasi.

Mbio zilipoanza, Zipporah alimtangazia Eddie mwendo wote: yuko nyuma, anatoka pembeni, anakuja, anakuja. Farasi wawili ambao wapandaji wao walivaa kijani wakamzidi, na jike akafika wa tatu. Eddie alikuwa ameushika mkono wa Zipporah kwa nguvu hadi vidole vikauma.

Baadaye Emma alikuja, jasho la farasi likiwa kwenye mikono ya koti lake.  Alishika vishikio vya kiti, akamsukuma baba yake hadi stesheni, Zipporah akiwafuata nyuma na mkoba, mara akiwakaribia, mara akijilazimisha kubaki mbali ili wazungumze.

Jumatatu, Zipporah alikuta vikombe viwili kwenye sinki la Eddie.

"Alikuja jana," mzee akasema. "Tuligombana kidogo kuhusu shayiri ya kumlisha farasi."

"Mkamalizaje?"

"Hatukumaliza. Anarudi Jumapili."

Zipporah akafungua bomba, akaanza kuviosha.