Kiraka Begani

Mama mkwe wangu ana mdomo, mimi nina hasira za karibu, na tunaishi chumba kimoja na watoto watatu. Tangu tufike kambini, miaka minne sasa, akikasirika hunirushia neno lile lile: "Ulibeba sufuria, ukaiacha picha ya mwanangu ukutani."

Ni kweli. Mume wangu alikuwa na wiki moja tu kaburini tulipokimbia vita, nikashika kilichokuwa karibu. Sufuria ndiyo iliyotupikia njia nzima, na yeye alikula vizuri tu. Lakini nani amwambie? Hatuna picha nyingine ya marehemu, na binti yetu wa mwisho hajui baba yake alikuwaje. Hilo liliniuma kuliko maneno ya bibi yake.

Kikundi chetu cha wanawake hukutana kwenye ghala kuukuu lenye meza moja ndefu. Tunadarizi vitambaa vya ukutani, kila mmoja anasimulia kwa uzi maisha aliyoyaacha. Mwezi mmoja mwalimu wetu wa kudarizi alituambia tushone mtu. Mama mkwe, ambaye hashiki sindano ila huja kukosoa, akanigeukia. "Haya. Nirudishie mwanangu."

Nilijaribu uso. Mara ya kwanza akafanana na mwalimu mwenyewe. Mara ya pili macho yakaenda upande. Nilifumua mpaka kitambaa kikatoboka, nikalia mbele ya wenzangu bila aibu. Miaka minne tu, na sura ya mume wangu ilikuwa imenitoka.

Kilichobaki ni mgongo wake. Alikuwa fundi baiskeli, kutwa ameinama barazani na shati lake la kijani, sikio moja limechomoza. Basi nikachukua kitambaa kingine, nikamshona hivyo hivyo, kwa nyuma.

Shati lile lilikuwa na kiraka begani, na kiraka kilikuwa na kesi yake. Nilikikata kwenye kitenge kipya cha mama mkwe bila kumuomba. Alininunia mwezi mzima. Kitenge hicho ndicho alichotoka nacho kiunoni siku ya kukimbia, na mpaka leo kina pengo kwenye pindo.

Nilipomwekea kazi yangu mapajani, nilijiandaa kwa matusi. Badala yake akapitisha kidole kwenye lile sikio, taratibu, akarudia.

"Kiraka kiko wapi?" akauliza.

"Sijakiweka, mama. Niliogopa utaninunia tena."

Akalivuta pindo la kitenge chake, akapapasa mpaka penye pengo, akachukua mkasi mezani. Alikata mwenyewe, kipande kama ukucha wa kidole gumba, akanikabidhi.

"Kaza uzi," akasema. "Kile cha kwanza ulikishona ovyo."

Nilishona huku machozi yananiziba macho. Yeye akanisubiri, hakukosoa hata mshono mmoja. Nilipokata uzi, akakishika kitambaa kwa mikono miwili.

"Mwite mtoto," akasema, "aje amwone baba yake."