Punje Nyeusi za Pembeni mwa Shamba

Wewe unayeanza kazi ya ukunga, sogea unisikilize. Nimeshastaafu, sina haraka.

Siku yangu ya kwanza wodi ya wazazi, Mbulu, muuguzi mfawidhi hakunipa hata kiti. Alifungua jokofu akanionyesha kichupa cha ergometrini.

"Unajua hii inatoka wapi?"

"Kiwandani, sista."

"Na kiwanda kiliitoa kwenye kuvu. Linaota kwenye suke la ngano, punje inakuwa nyeusi, ndefu kama kinyesi cha panya. Ni sumu hiyo. Ukiikosea, tunazika mtu."

Kisha akanieleza taratibu. Dawa ile hubana mfuko wa uzazi na mishipa, ndiyo maana huzuia mama asivuje damu akishajifungua. Haitolewi mtoto akiwa bado tumboni, wala kwa mwenye presha. Hutunzwa kwenye baridi, mbali na mwanga. Siku hizi mnatanguliza oksitosini. Sisi tegemeo letu lilikuwa kichupa kile.

Nilihamishiwa zahanati ya Masakta, kisha ya Gendabi. Hapo Gendabi nilimzalisha Udasalgwa, mke wa mfugaji. Damu ilimtoka kwa nguvu. Nikamchoma ergometrini, damu ikakata. Akarudi nyumbani na mtoto wa kike mwenye sauti kubwa.

Baada ya majuma machache mama mkwe wake aliwarudisha. Mtoto alikuwa amekauka, hana nguvu ya kulia. Matiti ya mama yalikuwa matupu, vidole vyake vya baridi, naye anasema vinamwaka moto.

"Shikamoo, bibi. Mzazi anakula nini?"

"Marahaba. Uji wa ngano, nesi. Unadhani namnyima?"

"Ngano mmeipata wapi?"

"Nimeokota mwenyewe pembeni mwa lile shamba kubwa la ngano, kombaini ya kuvunia ikishapita. Majirani zetu wakulima wanachambua zile nyeusi wanatupa. Wanadeka wale. Sisi hatutupi chakula."

Alikuwa amebeba kifuko cha ngano hiyo, ampikie mkwewe hukohuko. Nikamimina kidogo kiganjani. Nyeusi zilikuwa tele. Kuvu lile hupenda pembeni, karibu na majani, na waokotaji hupita hapohapo. Familia ile haikuwahi kulima ngano. Kwao nyeusi ilikuwa rangi tu. Uji ulipikwa kwa upendo kila asubuhi, na kila asubuhi sumu ikabana mishipa ya vidole na kukausha maziwa.

Tuliwapeleka hospitali. Mtoto alifia njiani, mapajani kwa bibi yake. Udasalgwa alipona, lakini ncha za vidole vyake zilikatwa.

Bibi alinirudia baada ya msiba, punje nyeusi kiganjani; alikuwa amesikia hospitali kwamba dawa ya kuzuia damu hutokana nazo.

"Hizi ndizo ulizomchoma siku ile?"

"Dawa ilitoka humo, bibi. Ila ya kwetu imesafishwa, imepimwa."

"Basi wewe umemwokoa nayo mama, mimi nimemzika nayo mtoto."

Nilikaa naye mpaka jua likazama.

Kila mavuno bado nawaona akina mama na vifuko vyao pembeni mwa mashamba. Siwezi kumkataza mwenye njaa kuokota, na wewe usijaribu. Mwombe mzazi akuonyeshe ngano yake. Imwageni kwenye maji ya chumvi nyingi, mkoroge, mwopoe zinazoelea. Suuzeni iliyobaki, chambueni kila punje nyeusi kwa mkono. Hizo nyeusi na zilizoelea msizifanye dawa, msimpe kuku wala ng'ombe. Zichimbieni chini.