Sauti ya Makala Yaliyoiva

Sogea karibu na mbabula, jiko letu la makaa, msikilizaji wangu, nikueleze jambo litakalokufaa kila siku unapopika. Mimi nauza makala, haya makaa ya jikoni, katika depo ndogo huko Ndosho, mtaa wa mjini. Makala yangu hayatoki kwenye pori la mbuga ya wanyama, ambako kukata miti kumekatazwa. Yanatoka upande wa Kibumba, kwenye kilima cha miti ambayo wanakijiji waliipanda wenyewe na wanaitunza pamoja. Wanakata upande mmoja huku pande nyingine zikiendelea kukua, na pale walipokata, visiki vinachipua tena. Kazi yangu ni kuwatafutia wanunuzi mjini. Makala yasiponunuliwa, hakuna atakayekuwa na moyo wa kungoja mti ukomae, na kilima kitageuzwa shamba la viazi.

Mnunuzi wangu wa kwanza wa kudumu alikuwa mama mmoja mwenye malewa, kibanda cha chakula kando ya barabara, ambapo waendesha pikipiki hula bugali na maharage. Wapishi wengine wa mtaa walikuwa wakimwangalia yeye. Angebaki kwetu, nao wangekuja. Angeondoka, nisingekuwa na neno la kuwaambia.

Asubuhi moja alikuja depo macho mekundu, kipande cha makala mkononi. Akaniambia bila kupandisha sauti:

“Mama, nilikuomba makala. Umeniletea kuni zenye kuvaa nguo nyeusi.”

Waliokuwa wakinunua wakacheka, nami nikacheka pia, maana alikuwa na haki: kipande kilikuwa cheusi juu, lakini ndani kilibaki na rangi ya mti. Alinisimulia kwamba wateja wake walikula huku wakifuta machozi, hata mmoja akauliza kama hapo kuna matanga. Kisha akanipa nafasi moja tu. Mzigo unaofuata ukitoa moshi, atarudi kwa muuzaji wake wa zamani.

Nikapanda Kibumba na kile kipande ndani ya kitenge. Muzee anayesimamia uchomaji alikigeuza mkononi, akatabasamu kwa aibu. Wachomaji walikuwa wamesikia kwamba makala ya yule mama yamekwisha. Kwao, kumngojesha mteja ni sawa na kumkalisha mgeni mbele ya sahani tupu, basi wakafungua tanuri mapema.

“Tulifikiri tunamuheshimu,” akasema.

Nikuelekeze kidogo hapo. Miti hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo, kisha huungua polepole bila hewa nyingi. Moshi mweupe na mzito maana yake maji bado yanatoka mtini. Ukishakuwa mwembamba na kuelekea bluu, ndipo unaziba matundu yote na kuacha tanuri ipoe. Hayo yote wachomaji waliyajua vizuri. Ukarimu ndio uliowazidi. Tukakubaliana kwamba wao watangoja moshi wa bluu, na mimi ndiye nitakayemwomba mama avumilie. Aliponisikia alisonya, lakini alivumilia.

Mzigo ulipokuwa tayari, muzee alishuka nao mwenyewe hadi kwenye malewa. Kabla ya kuwasha chochote, alitoa vipande viwili ndani ya gunia, akavigonganisha. Vikalia wazi, kama kikombe kikigusa sahani. Halafu akaomba kile kipande kibaya, ambacho nilikuwa nimekihifadhi, akakigonga. Kikatoa sauti nzito, kama mtu anayebisha kwenye mlango wa mbao. Mama akavichukua akajaribu mwenyewe, mara ya kwanza, mara ya pili, sikio limeinama.

“Muzee, ungenifundisha kutumia masikio mapema, macho yangu yangepona.”

Siku hiyo maharage yaliiva bila mtu kutoa chozi. Mama alibaki kwetu, na baada ya muda wapishi jirani nao wakaanza kutuma watu depo. Mpaka leo hanunui bila kugonga, na waendesha pikipiki humtania kwamba anatafuta sauti ya gitaa. Nikipita Kibumba naona machipukizi yamenipita kimo, nami nafurahi.

Basi unapokwenda kununua makala, chukua vipande viwili, uvigonganishe karibu na sikio. Vikilia wazi kama kikombe, nunua. Vikitoa sauti nzito, virudishe ndani ya gunia.