Bi Zuwena Alipotunyima Chumba

Siku ile nnaikumbuka mpaka leo, mwanangu, na mpaka leo sijaielewa vizuri. Tumesimama mlangoni kwa Bi Zuwena, shangazi yake mume wangu, huko Melbourne, mabegi mkononi, mvua inatunyeshea, na bibi wa watu anatutazama tu. "Chumba hakuna," akasema. Nyumba kubwa vile, na anakaa peke yake! Mzanzibari mzima, mgeni yuko mlangoni, ati chumba hakuna. Nikadhani labda sikusikia.

Ngoja nikurejeshe nyuma, maana naona nakuchanganya.

Mimi na Seif tulioana hapa hapa Muscat. Kabla ya harusi nilimwona mara chache, sebuleni, mama zetu wapo na masikio yao. Hakunilazimisha mtu, niliulizwa, nikasema ndiyo. Baada ya harusi tukakaa kwa wazee wake, mtaa wa Azaiba, nyumba imejaa watu mpaka jikoni. Alipopata likizo akasema twende Australia. Nilifurahi wee! Nikasema, sasa na mimi nitakuwa na mume.

Kumbe jamaa zake wapo kila mji. Perth tulifikia kwa ami yake, Adelaide kwa binamu yake, Melbourne kwa huyo shangazi. Kila tulikofika ni pilau, kahawa, na salamu za fulani na fulani. Watu wanakwenda kuogelea, mimi niko kwenye kochi naulizwa magoti ya mama mkwe yanaendeleaje. Nikiulizia bahari naambiwa kesho. Moyoni nnanung'unika: lini tutakuwa wawili?

Basi tukakodi gari, tukaenda Lorne, mji mdogo wa pwani, hatumjui mtu hata mmoja. Tukapata chumba kinachotazama bahari. Nilichokitaka nimekipata. Na wallahi, mwanangu, tulikaa kitandani, huyu huku na huyu kule, hatuna la kusema. Hatuna! Yeye anatazama dirisha, mimi nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

"Unataka chai?"

"Hapana."

"Haya."

Khalas. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mchana mzima.

Ilipofika sala tukagombana kuhusu kibla. Wakati huo hakuna simu hizi za kumwonyesha mtu kila kitu. Mimi nililipima jua kama tunavyolipima hapa, nikaapa kibla kiko upande wa dirisha. Yeye akasema mlangoni. Sikukubali, na yeye hakubembeleza. Kila mtu akatandika msala wake, tukasali tumepeana migongo, bibi harusi na bwana harusi. Baadaye tuliambiwa kwamba jua la kule hupita upande wa kaskazini, na hesabu yangu ilikuwa kinyume kabisa. Lakini siku ile nilijiona mimi ndiye mwenye haki, na nikajiona mpweke, na sikujua lipi linaniuma zaidi.

Asubuhi yake niliamka, Seif hayupo. Alirudi jua limepanda, viatu vimerowa, hakusema alikuwa wapi. Hapo nikajua, au nilidhani nimejua: huyu amejuta kunioa. Nikamwambia turudi kwa shangazi. Akasema "Twende" kwa haraka, na uso ukamchangamka. Uchangamfu ule ndio ulionikata maini. Njia nzima nilitazama nje, nikaamua kwamba nikifika Muscat nabaki kwa mama yangu, Azaiba sirudi tena.

Ndipo tukajikuta mlangoni pale.

"Mmekuja kufanya nini?" Bi Zuwena akauliza. "Si mlisema wiki nzima?"

"Tumekukumbuka, shangazi," Seif akasema.

"Mimi? Jana tu mmeniona! Mimi nimeshaolewa, nimeshazaa, nimeshafiwa. Nendeni mkakumbukane wenyewe."

Akanishika shavu, mkono wake wa moto, akafunga mlango. Nikasikia na komeo.

Tukarudi garini tumelowa chapachapa. Seif ameshika usukani, hawashi gari. Sijui nimkasirikie shangazi, nimkasirikie yeye, au nijikasirikie mimi. Ndipo Seif akasema, bila ya kunitazama, "Mimi sijapata kukaa peke yangu na mwanamke. Hata mama yangu, siku zote kuna watu. Kila nikitaka kukwambia kitu, nakiona cha kijinga."

"Na leo asubuhi ulikwenda wapi?"

"Kutembea ufukweni. Natafuta la kukwambia."

"Ukalipata?"

"Sikulipata."

Nilicheka, mwanangu, kisha nikalia, nikampiga kofi la bega. Nikamwambia niambie hivyo hivyo la kijinga. Akafikiri, akasema anaiogopa bahari. Mtu amenipeleka mji wa pwani, na bahari anaiogopa! Tukashika njia ya pwani kuelekea Sydney, tunalala katika vile vimji vya ufukweni, Lakes Entrance, Eden, Batemans Bay, hatufikii kwa mtu. Yeye ananiambia ya kijinga, na mimi namwambia yangu. Siku nyingine tulinyamaza tena, lakini sikupanga tena kurudi kwa mama.

Miaka ikapita, Bi Zuwena akaja kutembea Muscat. Nikamuuliza kwa nini alitufanya vile. Akanitazama kama mimi ndiye niliyepotewa na akili: "Shuka zilikuwa hazijakauka." Basi sijui. Ilikuwa busara, au ilikuwa kufua? Kafa na jibu lake, Mungu amrehemu.

Sasa wewe unaolewa wiki hii, na mengi sina hakika nayo, ila hili nakuusia. Mtakapobaki wawili na maneno yakakwisha, usikimbilie nyumba ya mtu, wala usikimbilie simu. Akinyamaza, usijijibie mwenyewe kwamba hakutaki. Muulize. Akikosa la kusema, ngoja. Seif yupo hapo ndani, uzee umetukuta pamoja, na bado kuna siku simwelewi ng'o. Ningelikwenda kwa mama yangu siku ile, nisingelipata hata nafasi ya kutomwelewa.

Mola akujaalie mume mwenye kheri, akupe subira ya kumngoja mpaka apate la kusema, na yeye ampe subira ya kukungoja wewe. Nyumba yenu aijaze watu, lakini kwanza aijaze nyinyi wawili. Amin, mwanangu.