Nilivyozoea rudder pedals kwenye simulator nikiwa na mguu wa kushoto usiosukuma

Wakuu, habari za wakati huu. Haya yamenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nipo Ruangwa mjini, fundi simu. Hobi yangu ni kurusha ndege kwenye kompyuta. Wanaocheka wacheke.

Msimu wa korosho uliopita nilianguka na pikipiki nikitoka Nanganga. Mguu wa kushoto ukavunjika juu ya kifundo. Plasta ilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga, ila unyayo hausukumi. Nauambia kanyaga, unatetemeka tu.

Mazoezi ya hospitali yalinichosha.

Ndipo jamaa yangu wa Dar akanitumia kwa basi rudder pedals zake za zamani. Kwa wasiojua, rudder ni lile bapa la wima kwenye mkia wa ndege, linapeleka pua kushoto au kulia. Linaendeshwa kwa miguu.

Nikamwonyesha picha Sista Yustina, anayenifanyisha mazoezi pale hospitali ya misheni.

"Hiki ni cherehani?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo.

"Kanyaga. Ukisikia maumivu makali, acha."

Mwanzo ulikuwa aibu. Kwenye pikipiki, ukisukuma usukani kwa mkono wa kulia, tairi linageukia kushoto. Kwenye pedals ni kinyume: kanyaga kulia, pua inaenda kulia. Kichwa kilielewa, miguu ikabisha. Ndege ikawa inayumba runway nzima kama mlevi.

Halafu pedals zenyewe zinateleza kwenye sakafu ya saruji. Nikazitandikia mpira wa tairi bovu, zikatulia.

Nikaanza kuruka vizuri. Ndege ndogo ya propela moja ikiondoka huvuta kushoto, unairudisha kwa kukanyaga kulia. Nikajiona nimeweza.

Sista akanipima, akanitazama.

"Unakanyaga na mguu upi?"

"Wa kulia, mara nyingi."

"Sasa huo nani kakuambia unaumwa?"

Nikarudi nyumbani, nikaweka upepo utokee kulia. Hapo wakati wa kutua pua inataka kugeukia upepo, na wa kuizuia ni mguu wa kushoto peke yake.

Nikaanguka. Nikaanguka tena. Mke wangu akachoka na makelele.

"Baba Zawadi, hao abiria unawamaliza!"

"Ni ndege ya mizigo."

Wiki zikapita hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuzoea wazo la kuchechemea maisha yangu yote.

Jioni moja nikawa natua uwanja wa Nachingwea, upepo uleule. Nikaacha kuwaza miguu, nikaangalia mwisho wa runway. Ndege ikagusa, ikanyooka katikati mpaka ikasimama.

Nikamwita mke wangu.

Hakuangalia kioo cha kompyuta. Alipiga magoti, akaweka kiganja chake kati ya unyayo wangu wa kushoto na pedali.

"Sukuma."

Nikasukuma. Mkono wake ukarudi nyuma.

"Tena," akasema, akikirudisha kiganja palepale.

Wakuu, sisemi pedals zimeniponya. Bado nachechemea nikipanda kilima. Nilichojifunza ni kwamba kiungo kizima humficha mwenzake mbovu, na mwenyewe usijue.

Kwa wanaoanza: visigino chini, gusa kidogo kidogo, macho mbali.

Kiti changu cha kompyuta kina vigurudumu, kinarudi nyuma kila nikikanyaga kwa nguvu. Nyie mnakizuiaje?