Sungura wa Fotokopi

Mtoto wangu aliweka kidole juu ya jicho la sungura niliyemtarizi kwenye shuka lake, akauliza: "Huyu iko amekufa?"

Ilikuwa sikukuu yake ya kuzaliwa, na sebule nzima ikacheka. Aliyecheka kuliko wote ni wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye nyumba. "Usiseme hivyo, chérie. Maman wa kule juu amejikaza." Kisha akaingiza mkono chini ya mto wa kiti, akatoa kitabu cha picha za katuni. "Ona, sungura wako ni huyu. Iko muzima."

Alikuwa yuleyule, sikio moja limekunjika, karoti begani kama bunduki. Ila huyu alikuwa na rangi, na macho mawili makubwa yanayong'aa. Na hicho ndicho kitabu ambacho wifi aliniapia kwamba hakiruhusiwi kutoka ofisini kwao. Pembeni mwa kurasa mwanangu alikuwa ameshachorachora kwa kalamu. Kilikuwa kimekaa pale nyumbani siku nyingi.

Nilikibamiza mezani hadi chupa za soda zikaanguka. Niliyoyasema siyaandiki hapa.

Vita vilipoingia Bukavu mara ya kwanza nilikuwa kisiwani Idjwi, nimekwenda kumzika mama yangu. Maboti yakasimama. Mtoto, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, nilikuwa nimemwacha kwa wifi, mtaa wa Nguba. Niliporudi alijificha nyuma ya kikwembe cha shangazi yake, akanichungulia kama mgeni. Shangazi ndiye aliyeitwa "maman". Mimi nikawa "maman wa kule juu", kwa sababu sisi tulikaa Kadutu, mlimani.

Mume wangu akasema tumwache huko kidogo. Nyumba ya Nguba ina ukuta wa mawe, yetu ni mbao, risasi haibishi hodi. Nikakubali. Kidogo hicho kikawa miezi, halafu vita vya pili vikaja, kikarefuka tena. Wifi hakujaliwa mtoto. Namhurumia, lakini sikumzalia.

Kwa hiyo sikukuu ya kuzaliwa ilipokaribia niliamua kumtengenezea mwanangu kitu ambacho hakuna duka linalokiuza: shuka lenye jina lake na katuni moja nzuri, alale juu ya kazi ya mikono yangu hata kama halali kwangu. Foyer ya akina mama nilikojifunza kutarizi walitufundisha kwamba picha ndiyo kila kitu. Mstari ukiwa safi, uzi unaufuata. Mstari ukiwa mchafu, hata hariri haikuokoi.

Nikazunguka soko la Nyawera nikitafuta picha ya kuiga. Dubu wa bati la biskuti alikuwa na kutu puani. Bata wa pijama ya mtumba alikuwa amefuliwa hadi mdomo ukatoka. Wifi, anayefanya kazi bureau ya watu wa misaada, akaniambia: "Unahangaika nini, maman? Kwetu kazini kuna kitabu cha watoto. Nitakupigia fotokopi."

Akaileta. Masikio safi, karoti safi, macho madonge mawili meusi. Nikaomba nyingine, ikaja mbaya zaidi. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi. Nikaomba kitabu chenyewe, mchana mmoja tu.

"Hakitoki. Patron atanifukuza."

Nikamwamini. Nikahamisha picha kwa karatasi ya kaboni, na yale macho nikayafumba, nikayatia kope, nikajiambia sungura amelala. Hata nilifurahi nikitarizi.

Tulipokuwa tunapanda kurudi kwetu siku ile ya sherehe, mume wangu alisema, "Lakini ni picha tu."

Picha tu! Mtu ana kitabu, ana mashine, ana mshahara, ana ukuta, ana hata mdomo wa mtoto wangu unaomwita mama. Nilichomwomba mimi ni macho mawili, akaninyima, akaniwekea aibu hadi siku ya sherehe.

Wiki hiyohiyo nikaenda kwenye mkutano wa shirika, jumuiya ndogo ya Kanisa. Si shirika letu la Kadutu, nilienda kwenye lake, Nguba, ili asikie kwa masikio yake. Baada ya sala mwenyekiti, mzee mmoja mpole tunayemwita papa, akauliza nani ana neno.

"Mimi, papa. Nina mashtaka. Katibu aandike."

"Maman," wifi akasema, "mambo ya nyumbani tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Mama mmoja akasema kutoka nyuma: "Huo ni wivu tu!"

"Ni wivu," nikamjibu. "Nao uandikwe."

Katibu aliandika kama nilivyosema: kwamba wifi yangu anamshikilia mtoto wangu kupita muda tuliopatana, kwamba amemzoesha kuniita maman wa kule juu, na hajamsahihisha hata mara moja, kwamba kitabu simdai, abaki nacho, kwamba ninadai mtoto alale kwangu kuanzia Jumamosi, pawe na ukuta au pasiwe, na kwamba mshtaki ana wivu. Papa mwenyekiti akanisomea yote, akauliza kama kuna la kufuta.

Nikasema hakuna, nikatia sahihi.